Sauti ya Ngazini

Mwalimu wa Ngazi alikuwa akibisha hodi ngazini. Mlangoni kila mtu hubisha. Yeye alianzia chini. Ndugu wa mgonjwa wakiwa juu wanatuita kwa makelele sisi wa gari la wagonjwa, yeye alisimama mbele ya kidato cha kwanza, akaweka kiganja ukutani na kusema, "Hodi." Akanyamaza, akasikiliza. Alirudia mara ya pili, na ikibidi ya tatu, kama adabu inavyotaka. Kisha ama alitugeukia na kusema, "Haya, tumekaribishwa," ama alikunja uso na kuuliza kama jengo lina ngazi nyingine. Siku za mwanzo nilimuuliza ni nani aliyeitika. Akanijibu, "Binti, wewe ukikaribishwa kwa watu unadai kwanza kitambulisho?" Sikumuuliza tena, lakini na mimi nikaanza kusikiliza.

Dereva wetu, kijana wa Mbagala asiyeweka neno moyoni, hakuwa na subira na hodi hizo. "Oya sista," aliniita kupitia dirishani, "mzee anapiga stori na ukuta tena. Mgonjwa atajifia huko juu, sie tunangoja karibu." Nami nilidhani hivyo, mpaka siku tuliyokwenda kwenye jengo moja la Temeke, Mwalimu akabisha mara tatu na kukataa kupanda. Ndugu walitutukana. Tukazunguka nyuma, tukapandia ngazi ya chuma ya nje, iliyokuwa mbaya zaidi kwa kila hali. Tukiwa juu tunamfunga mgonjwa mikanda, tulisikia kishindo ndani ya jengo. Kipande kikubwa cha plasta ya dari kilikuwa kimeporomokea kwenye ile ngazi ya ndani. Hakuumia mtu. Mwalimu hakujisifu. Alimuuliza mgonjwa kama mkanda wa kifuani unambana.

Yeye mwenyewe alikuwa na maelezo ya kawaida kabisa, akiwa katika hali nzuri. "Mwangwi," alisema. "Ukisema hodi, mwangwi unakwambia ngazi ni nyembamba au pana, ina watu au haina, kuna magunia yamewekwa kwenye kona au hakuna." Maelezo mazuri, na ningeridhika nayo. Ila siku nyingine, nikiwa nimesimama karibu naye, nilimwona akitikisa kichwa taratibu, mara mbili tatu, jinsi mtu anavyotikisa anapoelekezwa njia ndefu.

Watu hudhani kazi ya gari la wagonjwa ni king'ora na mwendo. Kazi yetu kubwa ilikuwa ngazi. Mji huu umepanda juu bila kuwauliza wazee wake magoti yao yakoje. Kule Tegeta, tulikokuwa na kituo chetu, mtu anajenga ghorofa, ujenzi unamchosha, anahamia juu kabla ya kuweka reli, na mama yake mzazi anapewa chumba cha huko huko juu kwa sababu kina upepo. Siku mama akianguka, ndipo watu wanagundua kwamba ngazi ni kali, kila kidato kina kimo chake, na pembeni hakuna pa kushika. Temeke ni majengo ya zamani, ngazi nyembamba zenye giza hata saa sita mchana, na kila kona imewekwa kitu: ndoo, jiko la mkaa, kabati lililoshindwa kuingia ndani.

Tulikuwa na kiti cha kushushia wagonjwa, cha chuma chepesi, chenye mikanda ya kumfunga mtu kifuani, kiunoni na miguuni. Mgongoni kina mipira miwili mirefu inayoteleza taratibu juu ya kingo za vidato. Mmoja anakaa juu, nyuma ya kichwa cha mgonjwa, ameshika mishikio. Mwingine anakaa chini, upande wa miguu, akishuka kinyumenyume uso kwa uso na mgonjwa. Wa juu anaiona njia yote. Wa chini haoni kitu ila uso wa mgonjwa na kidevu cha mwenzake. Mimi ndiye niliyekuwa wa chini. Kwa hiyo ninaposema nilimjua Mwalimu, nina maana nilikijua kidevu chake na sauti yake. Mengine yote niliyajua tukishafika chini.

Sauti hiyo ndiyo iliyompa jina. Kwake ngazini kulikuwa na sauti moja tu, ya mtu wa juu, na maneno matatu: inua, shuka, tua. Ukisikia tua, unakiweka kiti hapo hapo ulipo, hata kama mguu wako uko hewani, na huulizi sababu. Ndugu walitakiwa kunyamaza, mgonjwa anyamaze, na mimi ninyamaze. Kuna kijana mmoja wa Tegeta alikuwa akituelekeza kutoka nyuma, "Kushoto braza, kushoto kidogo," na Mwalimu akasimamisha kiti katikati ya ngazi, mgonjwa akiwa ndani, mpaka kijana alipochoka kusema. Alitueleza baadaye kwamba mtu wa chini haoni, anatembea kwa sikio, na sikio likipewa mabwana wawili litamwangusha. Alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa kitu chochote, na mimi nilifunzwa kweli. Ilifika mahali mguu wangu ulikuwa ukitii kabla akili haijapata habari.

Na haikuwa sauti yake ya kila siku. Akiwa kwenye gari au kwenye mgahawa alikuwa na sauti ya juu, ya kubishana, sauti ya mtu anayejua bei ya nyanya na yuko tayari kuipinga. Alikuwa msemaji kupita kiasi. Alipokanyaga kidato cha kwanza, sauti ile ilikwenda isikojulikana na ikaja nyingine, nzito, ya taratibu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Ilionekana kutoka chini kuliko alipokuwa amesimama. Niliwahi kumwambia, akacheka. "Ile si yangu," alisema, "mie nimeikuta tu." Nikacheka na mimi, maana wakati huo ilikuwa ni utani.

Wagonjwa hawakumkumbuka sura. Mtu uliyemshusha anakuwa amempa mgongo muda wote, na maumivu nayo hayaachi nafasi ya kukariri nyuso. Walikumbuka sauti. Siku moja tulikuwa sokoni Tegeta, Mwalimu anamwelekeza mpagazi pa kuweka gunia la viazi. Kwa mazoea akamwambia, "Tua." Nyuma yetu mzee mmoja aliyekuwa akichagua ndizi akakaa chini, pwaa, kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe. Watu walimkimbilia wakidhani amezirai. Alikuwa mzima. Alituangalia kwa aibu, kisha akaanza kulia, akasema miaka miwili nyuma alishushwa kutoka ghorofani akiwa hajui kama atapona, na sauti iliyomshusha ndiyo hii. Mwalimu alimsaidia kuinuka, akamkung'uta vumbi mwenyewe, na njia nzima ya kurudi kituoni hakubishana na mtu.

Vingunguti, alikokuwa akiishi karibu na machinjioni, majirani walikuwa na zao. Walisema ng'ombe akileta ukaidi wachinjaji humwita Mwalimu, kwamba akisema neno lake mnyama anapiga magoti mwenyewe. Uongo mtupu wa vijiweni. Lakini nilipomtania kwa hilo alinikasirikia kweli, mara ya pekee nilipomwona hivyo, akasema sauti ya kumfikisha mtu chini salama haitumiki kupeleka kiumbe upande mwingine. Niliomba radhi. Alikuwa na mipaka yake, na wewe ulikuwa unaijua baada ya kuivuka.

Alikuwa na desturi moja ambayo vitabu vya kazi yetu havina. Kiti kinashuka miguu ikiwa mbele. Hakuna namna nyingine iliyo salama, maana kichwa lazima kibaki juu. Sasa nenda kamweleze hivyo bibi wa Temeke anayeona mwanawe anatolewa nyumbani. "Miguu mbele? Mnamtoa kama jeneza? Hatoki mtu hapa!" Nimeona milango ikifungwa kwa funguo kwa ajili ya jambo hilo. Mwalimu hakubishana. Aliuliza viatu vya mgonjwa viko wapi, vikaletwa, hata kama ni ndala zilizokatika kamba, akamwekea mgonjwa mapajani na kumwambia avishike mwenyewe kwa mikono yake. "Bibi," alisema, "maiti habebi viatu vyake. Huyu anavichukua kwa sababu atarudi navyo." Milango ilifunguliwa. Kuna wagonjwa niliowashusha wakiwa hawajitambui kabisa, vidole vimekamata ndala, na hospitalini wauguzi wakapata kazi kuwabandua.

Hakupenda tuhesabu vidato. Alisema anayehesabu hufika kwa kichwa kabla mguu haujafika, na mguu ndio unaovunjika. Hakupanda lifti hata ilipokuwa inafanya kazi. Alitukuta juu anahema, amelowa jasho, akasingizia mazoezi. Na mtu huyu wa ngazi, nyumba yake haikuwa na hata kidato kimoja. Alikuwa amewaita mafundi wakasawazisha kizingiti cha mlango, wakasawazisha na njia ya uani, ukiingia unateleza tu kama maji. Binti yake Zuhura, aliyekuwa akiishi naye, alinieleza kwamba kulikuwa na kijidato kimoja cha kuingilia jikoni, na baba yake alikivunja kwa nyundo siku aliyorudi mapema kutoka kazini akiwa hasemi. "Nikamuuliza, baba, kidato kimekukosea nini? Akasema nyumbani anataka kulala, hataki kuitwa." Zuhura alinisimulia hayo akicheka, kisha akaacha kucheka.

Koo lilianza kama mafua. Alikuwa akikohoa kidogo, sauti inakwaruza mpaka mchana, akanywa tangawizi na asali, akasema ni vumbi la Barabara ya Bagamoyo. Ilipoendelea, Zuhura alimpeleka hospitali kwa kumdanganya kwamba anayeumwa ni yeye. Madaktari walitazama, wakakata kipande kidogo wakakipima, wakamwita. Walimweleza bila kuzunguka: kuna uvimbe kwenye sanduku la sauti, bado haujatembea, ukitolewa pamoja na sanduku lenyewe ataishi. Atapumulia tundu la shingoni, na hatasema tena. Asipotolewa atakufa, na si baada ya muda mrefu.

Akakataa. Alikataa kwa utulivu, jinsi mtu anavyokataa kuongezwa chai. Zuhura alilia, akamletea shehe, akamletea wajomba. Nami nilikwenda kumsihi. Nilimwambia heri kufa macho kuliko kufa moyo, na heri kufa koo vilevile. Alinisikiliza vizuri sana. "Mwanangu," alisema, na sauti ilikuwa imeshabaki nusu, "mie hii nimepewa niitunze. Nikiitoa, nyie kule ngazini mtamsikiliza nani?" Nikamwambia tutasikilizana wenyewe. Akasema, "Hamjui mnayoyasema." Nilikasirika. Nilimpenda yule mzee, nilimpenda kama baba, naye alikuwa anachagua kufa kwa ajili ya maneno matatu.

Aliendelea kuja kazini, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Ijumaa moja, mchana, watu wametoka msikitini, tuliitwa Temeke kwenye jengo la ghorofa nne. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, moyo umemchoka, miguu imevimba, hawezi kusema maneno matatu bila kutafuta pumzi. Mwalimu alibisha hodi chini na hodi yenyewe ikatoka kama upepo. Alisubiri. Akatikisa kichwa, tukapanda. Juu tulimfunga mama mikanda, tukampa viatu vyake, tukaanza kushuka: mimi chini kinyumenyume, yeye juu. Dereva alikuwa amebaki mlangoni kwenye ngazi ya mwisho kuzuia watu wasipande.

Ghorofa ya tatu ilikwenda vizuri. Aliniongoza kwa kunong'ona, shuka, shuka, na mimi nilikuwa nimekitegea sikio kinywa chake kuliko siku yoyote. Tulipokaribia kona ya ghorofa ya pili nikasikia "Tua." Nzito, ya taratibu, na mkwaruzo wake mwishoni. Nilitua. Kiti kikakaa, mguu wangu wa kulia ukabaki umening'inia. Nikageuza shingo. Nyuma yangu, pale ambapo mguu ungekanyaga, beseni la nguo lilikuwa limepinduka, na kidato chote kinang'aa kwa maji ya sabuni. Mama mmoja alikuwa anafua pale, alipotusikia tunakuja alikimbia kutupisha akalipiga teke. Ningekanyaga, ningekwenda, na mgonjwa angeniangukia.

"Asante, Mwalimu," nilisema. Nilikuwa sijawahi kumshukuru ngazini, kanuni inakataza. Nilipoinua macho niliona mdomo wake uko wazi, mishipa ya shingo imesimama, na midomo inatetemeka. Tulipanguza maji kwa nguo za yule aliyekuwa akifua, tukamaliza kushuka kwa ishara za kichwa.

Mgonjwa alipokwisha kuingia garini, Mwalimu alinivuta pembeni. Sauti yake ilikuwa hewa tupu, ilinibidi nisogeze sikio. "Umesikia nini?"

"Umesema tua."

"Sijasema." Akameza mate kwa shida. "Nimeliona beseni, nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Imenikatika pale pale."

"Mwalimu, nimekusikia mie."

"Sijasema."

Dereva alikuwa anafunga mlango wa nyuma. Nilimuuliza kwa mzaha wa kulazimisha kama amesikia kitu. "Si mzee kasema tua?" alijibu. "Tena leo kaitoa ya ukweli. Mie mwenyewe kule chini nikajikuta nimechuchumaa." Yule mama mgonjwa naye, kutoka kwenye kiti, aliinua kidole kuonyesha kwamba naye alisikia.

Mwalimu aliniuliza jambo moja tu zaidi. Alitaka kujua ilitokea wapi. Nilipotaka kumjibu kwamba ilitoka kwake, juu, nilikumbuka, chini ya jua lile la saa nane. Haikutoka juu. Ilitoka nyuma yangu, chini, kwenye kona yenye beseni, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nilimwambia hivyo. Nilidhani ataogopa kama nilivyoogopa. Badala yake mabega yake yalishuka, akapumua, akaegemea ubavu wa gari kwa muda.

"Kumbe inajua njia bila mie," alisema. "Basi waikate hii. Mpigie Zuhura."

Nilimpigia Zuhura hapo hapo, naye akapiga kigelegele kwenye simu. Nilifurahi, na nilikuwa na hofu. Sikujua ipi kubwa. Sikumwambia Zuhura sababu. Ungemwambiaje mtu kwamba baba yake amekubali kuishi kwa vile kuna kitu kinasema kwa niaba yake kwenye ngazi za Temeke?

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kazini nikapandishwa juu, nyuma ya kichwa cha mgonjwa, na mwanamke mwenzangu akachukua nafasi yangu ya chini. Nilibisha hodi kila jengo. Niliweka kiganja ukutani kama yeye, nikasubiri, na kilichorudi ni mwangwi wa sauti yangu, nyembamba, ya mtu anayeuliza kama kuna mtu nyumbani. Kila kona nilitega sikio. Tuliteleza mara moja Tegeta, mgonjwa akapata mchubuko, na hakuna aliyesema kitu kabla. Ngazi zilikuwa saruji tupu. Nilisema inua, shuka, tua, mwenzangu alinitii kwa sababu ni kazi yake kutii, na siku zilikwenda.

Nilichelewa kwenda kumwona. Nilijua atakachouliza, na sauti ile sikuwa nimeisikia tena.

Nilikwenda alasiri moja na machungwa. Zuhura alinipokea nje kabla sijabisha, amekonda, unga wa chapati umemjaa mikononi. "Dada, afadhali umekuja," alisema kwa sauti ya chini. "Hali kitu. Madaktari wanasema kidonda kimepona vizuri, anaweza kumeza, lakini hataki. Kliniki hataki. Anakaaga vile vile tu, kaupa ukuta uso. Juzi nikamsoma midomo, anasema katapeliwa. Namuuliza nani kakutapeli baba, hasemi." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Anakufa huyu, dada. Wamemponya na anakufa."

Niliingia. "Shikamoo, Mwalimu." Aligeuka. Alikuwa amepungua sana, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni, kikivutwa ndani na kutoka nje kila alipopumua, na pumzi inatoa sauti ndogo ya mluzi. Midomo ilisema marahaba. Nilimenya chungwa, hakulitazama. Niliongea habari za dereva, za foleni ya Tegeta, za reli ambayo mtu fulani hatimaye ameiweka. Aliniacha nimalize. Kisha akanisogelea na kusema kwa midomo, polepole, nisikosee kusoma.

"Bado ipo?"

Zuhura alikuwa uani, nilisikia chuma cha chapati kikigongwa. Nilimtazama yule mzee aliyetoa sauti yake kwa kuamini neno nililomwambia pembeni ya gari. Sikuwaza sana.

"Ipo," nilisema.

Alinikagua. Alikuwa na haki ya kunikagua. Midomo ikauliza wapi, nikasema Temeke, ngazi ile ile, wiki iliyopita, kulikuwa na kigae kimeng'oka. Nilishangaa jinsi uongo ulivyokuja na vigae vyake. Macho yake yalianza kupata uhai, halafu yakasita, maana alinijua. Akauliza tena.

"Inasemaje?"

Miaka yote ile sikuwahi kumwigiza. Dereva ndiye aliyekuwa fundi wa mambo hayo. Nilikusudia kuisema kijuujuu tu, kama mtu anayesimulia. Nikafungua mdomo.

"Tua."

Haikuwa sauti yangu. Sisemi ilifanana na yake. Nasema ilikuwa yake, na uzito wake, na mkwaruzo wake wa mwisho, na niliihisi ikipanda kutoka sakafuni kupitia magotini kabla haijafika kooni. Uani kitu kilianguka kwa kishindo. Zuhura aliingia mbio, mikono mitupu mbele yake, uso wote umefunguka. "Baba! Baba, umesema!" Akasimama katikati ya chumba. Alimtazama baba yake, akakitazama kitambaa kinachovutwa na kuachiwa, kisha akanitazama mimi, nilivyokuwa nimejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nani kasema?" aliuliza.

Mwalimu hakushtuka. Alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kitambaa, na alikuwa akitikisa kichwa taratibu. Alipofumbua macho alimgeukia binti yake, akamwambia kwa midomo neno moja ambalo Zuhura alilisoma mara mbili ndipo akaamini. Alikuwa anaomba chakula.

Alikula chapati moja iliyoungua upande, akala na machungwa yangu, na Zuhura alikaa chini mbele yake akimtazama kila tonge. Nilibaki mpaka akamaliza. Zuhura alipouliza kama nitarudi kesho, nilikubali kwa kichwa. Mwalimu alinisindikiza hadi mlangoni, akanyoosha mkono, akasubiri nimuage kama mtu anavyomuaga mkubwa wake. Nilimpa mkono, nikainama, na mdomo nikaufumba, maana sikujua ni sauti ipi ingetoka.